Alama ya Kutoa Kwenye Mstari wa Tisa

...na asitokee mtu wa kunibishia, nilikuwepo mwenyewe, safu ya nyuma kabisa karibu na kipasha joto, miaka ishirini na mbili nafuta ubao ule na kupeleka barua za jengo lile, kichogo cha Profesa Nukata nakisoma kama wengine wasomavyo gazeti, na nililoliona likipita ndani yake siku ya mhadhara wake wa kuaga ndilo hili, tangu pale Profesa Urushibara alipoinuka na kusema, kwa ile sauti yake ya kuombea chumvi kwa jirani, “Mwalimu Nukata, mimi si mtaalamu wa jambo hili, na huenda swali langu ni la kijinga,” ukumbi mzima ukainua shingo, maana katika kazi ile mtu akianza hivyo ujue kisu kimeshatoka alani, “ila pale mstari wa tisa, ile alama ya kutoa imekwenda wapi?”... imekwenda wapi, anauliza imekwenda wapi, kana kwamba alama ni paka wa jirani, Nukata akawaza, chaki mkononi, uso kwenye ubao, mgongo kwa watu mia mbili, haikwenda popote, haikuwahi kuwepo, na kwa nini leo, siku ya kustaafu, mwaka una siku ngapi, maua yenyewe yameshaletwa, yamewekwa pale yakaziba nusu ya mlinganyo, nani mwenye akili ya kuweka maua mbele ya ubao, Kasai bila shaka, mwanafunzi wake mwenyewe, leo amepewa kushika saa na kuendesha shughuli anajiona gavana, na viatu hivi vinabana, “Baba, vaa vya kahawia, vyeusi vya msibani,” Fumie alimwambia asubuhi, mkewe wa miaka thelathini na minane, yuko pale safu ya mbele na mkoba mapajani, na hivyo vya kahawia ndivyo vinavyobana... mstari wa tisa, haya, twende mstari wa tisa. Upande huu dunia, upande ule Vega, nyota ya yule mfumaji wa nguo anayeonana na mumewe mara moja tu kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba, watoto wanatundika vikaratasi kwenye mianzi kumwombea mvua isinyeshe, na nuru yenyewe, bingwa wa mbio, inachukua miaka ishirini na mitano kufika kwake, hakuna wa kuishinda, sawa, basi usishindane nayo, likunje anga kama karatasi, litoboe, pita katikati, mnyoo ndani ya tufaha hazunguki ganda, anakula moja kwa moja akatokea ng’ambo wakati sisimizi wa juu hajafika hata nusu, ndiyo maana wakaliita tundu la mnyoo, kila mtu analijua hilo siku hizi, hata kinyozi, tena kinyozi ndiye balaa, “Mwalimu, tiketi ya Vega inatoka lini, nimtangulize mama mkwe?” kila mwezi swali lile lile na mkasi sikioni, na ukimweleza kwamba shida si tiketi, shida ni koo la tundu, halikai wazi, linajifumba papo hapo isipokuwa uligongee nguzo za nishati hasi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kupata hata kijiko cha kuonja, anakwambia, “Kwa hiyo mwaka kesho?”

“Mwalimu,” Kasai akasema kutoka pembeni, taratibu, “tuna dakika tano, halafu maua.” Halafu maua, halafu maua, kana kwamba mimi ndiye kaburi, na Urushibara naye akaongezea, “Hakuna haraka, ni ujinga wangu tu,” ujinga wake, mtu aliyekuwa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo huku Nukata wa pili, waliokaa chumba kimoja bwenini, wakala tambi katika sufuria moja, tena Urushibara akimwachia yai kila mara halafu akilalamika wiki nzima kwamba ameachia yai... na yeye Nukata ndiye aliyesema, mwaka wa tisini na nne, yeye peke yake, kwamba nishati hasi haihitajiki, koo litasimama kwa mata ya kawaida, mawe, chuma, vumbi, miaka thelathini na mmoja amelishikilia hilo, wengine wakicheka, wengine wakisoma, na Jumatatu kitabu cha kazi zake zote kinakwenda kiwandani kupigwa chapa, jalada la kitambaa, jina lake kwa dhahabu, na yote yamesimama juu ya mstari wa tisa, na mstari wa tisa umesimama juu ya wa nane, na wa nane ni... wa nane aliunakili. Subiri. Aliunakili wapi ule wa nane? Ukumbi wa hospitali, theluji dirishani, Fumie ndani anajifungua Mizue, saa kumi na nne za kungoja, yeye kakaa kwenye benchi baridi na makala mapajani, makala ya nani, makala ya Urushibara, mlinganyo ule ulikuwa wa Urushibara, akaunyanyua kama ulivyo akauteremsha kwenye daftari lake, na hapo muuguzi akatoka akasema ni msichana, na kalamu ikaanguka... Na Urushibara, baada ya bweni, shahada ya juu kafundishwa Kyoto. Ewe Mungu wa hesabu, kafundishwa Kyoto, kwenye ile nyumba yenye kuandika mpindo wa anga kinyume na sisi, wao wakijumlisha sisi tunatoa, hakuna aliyekosea, ni kama kipande cha mochi, keki ya mchele, katika supu ya mwaka mpya, mashariki cha mraba, magharibi cha duara, na kila upande unaona mwenzake hakulelewa, supu zote mbili zinashibisha, ila usije ukachota bakuli hili ukamimina katika lile bila kugeuza alama, jambo analowaonya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila Aprili, kwa ukali, akigonga meza... kisha yeye akachota, akamimina. Geuza alama, basi. Igeuze kichwani. Mstari wa tisa ukigeuzwa, mawe yanakuwa hasi, chuma hasi, vumbi hasi, nguzo zote zinarudi kuwa zile zile ambazo hakuna mwenye nazo, na koo linajifumba, linajifumba kabla nuru haijavua hata viatu mlangoni, na Vega inarudi kule kule ilikokuwa, miaka ishirini na mitano, pamoja na mama mkwe wa kinyozi.

Na amejua. Amejua tangu lini huyu? Ni mlinganyo wake, mtu hamsahau mtoto wake hata akivikwa nguo za jirani, amejua tangu siku ya kwanza, akanyamaza, miaka thelathini na mmoja ananyamaza... hapana, hakunyamaza. Kadi. Zile kadi zake za mwaka mpya zilizokuwa zikimchefua, mwaka wa nyoka, mwaka wa farasi, mwaka wa kondoo, mnyama anabadilika, maneno hayabadiliki, yameandikwa kwa mkono chini ya salamu zilizochapwa, “Mstari wa tisa haujambo?” (kadi haina bahasha, tusilaumiane), na yeye akidhani ni kejeli za mtu wa kwanza darasani, kila mwaka alijibu kwa hasira, “Haujambo, wakusalimu.” Thelathini na moja. Kwa nini usiseme wazi, mjinga wewe, kwa nini usipige simu kama binadamu, nani anamtibu mgonjwa kwa kadi... ila angepiga simu ningekata, nilikata mara mbili, na mkutano wa Nagoya nilipomwona nikajificha nyuma ya meza ya chai. Akaniachia yai. Kila mwaka akaniachia yai nilile mwenyewe, kimya, na leo ni leo kwa sababu Jumatatu ni Jumatatu, dhahabu ikishakauka atakuja mgeni asiyenijua kulitaja kosa, asiyesema hata kwamba yeye si mtaalamu.

Bado angeweza kusema, “Swali zuri sana, tutalizungumza kwenye chakula,” wote wangeinama, maua, picha, bia, lingepita, ndivyo lipitavyo kila siku. Fumie akakohoa, kile kikohozi chake cha pale mumewe anapomwambia mgeni kwamba mgongo hauumi. Nukata akatazama mbele ya herufi ya kwanza ya mstari wa tisa. Palikuwa na nafasi tupu, upana wa ukucha, aliiandika hivyo bila kujua, pengine miaka yote ameiandika hivyo, mkono umeiachia alama kiti chake. Akageuza shingo. Kipasha joto kinanguruma, maua yameziba palepale, Kasai anatazama saa, Urushibara bado kasimama, mikono kwenye mapaja, macho yamejaa maji, anangoja jibu la swali lake la kijinga. Haujambo? Haujambo nini, ni mgonjwa tangu kuzaliwa kwake, we Urushibara, na koti lako limefungwa kifungo vibaya, Nukata akawaza, chaki ingali mkononi, na viatu, ajabu, vimeacha kubana.

Hayo yote nimeyaona. Ila yale maji machoni mwa Urushibara nimeyatia mimi, alikuwa mkavu kama chaki. Mtu aliyeuliza hali ya mstari mmoja kwa miaka thelathini na mmoja, nami kadi ishirini na mbili za mwisho nikizipeleka mwenyewe, sikuweza kumwacha asimame pale na macho makavu.