Jiwe la Kuotea Joto

Baridi ilipoingia mwaka ule, chatu aliacha kula. Kinyozi alimtilia panya asubuhi, na aliporudi kazini jioni akamkuta panya palepale, mzima wa afya, akijisafisha sharubu kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

"Anaumwa huyu," alimwambia mkewe.

"Haumwi. Kaganda," mkewe alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni, ikitazamana na kizimba cha vioo. Chatu huyo aliachwa na mteja mmoja wa saluni aliyehama mji. Kinyozi akampokea, akamwita Mkanda, na tangu hapo wateja hawakuishiwa utani: huyo naye unamnyoa wapi? Fundi hakumchukia. Alichoshindwa kuzoea ni ule ukimya wake. Paka akiumia hulia, kuku akishikwa hupiga kelele mtaa mzima ukajua. Huyu hujui kashiba, kakasirika, au anakufa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alizoea kusema, na mumewe alimjibu kwamba methali hazikutungwa kwa ajili ya nyoka.

Walikwenda dukani pamoja. Muuzaji akawapangia bidhaa juu ya meza: balbu ya kuning'iniza juu, mkeka mwembamba wa umeme wa kubandika nje ya kioo, pamoja na kifaa cha kuukatia umeme joto likizidi, na jiwe bandia lenye waya ndani, la kuweka kizimbani mnyama akalala juu yake.

"Ipi inajizima yenyewe?" Fundi aliuliza.

"Mkeka, ukiuunganisha na hiki kifaa."

"Basi tuchukue huo."

Kinyozi alikuwa amekwishalibeba jiwe, analigeuzageuza mkononi kama tunda. "Nyoka wa porini umemwona wapi na mkeka? Mnyama wa mawe mpe jiwe. Akiona joto limezidi si ataondoka? Ana akili zake."

Lilikuwa neno lenye mantiki. Wakaondoka na jiwe.

Mkanda alilipenda. Alijizungusha juu yake siku hiyohiyo, na hakushuka. Kinyozi alifurahi akawa anawaita majirani: njooni muone alivyotulia! Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Kila alipoinua macho kutoka kwenye mshono, nyoka alikuwa palepale, kichwa kimelala juu ya mkunjo wake, macho yasiyo na kope yamemkodolea.

Baada ya siku kadhaa nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu hafifu, kama unywele ulioshika moto. Kinyozi, aliyeshinda kwenye harufu ya nywele na mashine za moto, hakuisikia kabisa. Fundi alikagua waya wa cherehani, akakagua pasi, akaenda hadi chumba cha ndani kumwangalia mama mkwe wake. Bibi alikuwa kitandani kama kawaida. Kiharusi kilikuwa kimemwachia upande mmoja tu. Wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kuanzia bega hadi unyayo. Baridi ilimtesa, kwa hiyo kila mchana wifi yake Fundi, binti wa Bibi, alikuja kumkanda na kumwekea chupa ya mpira ya maji ya moto miguuni.

"Mama, husikii harufu?"

"Nasikia njaa, mwanangu," Bibi alisema, wakacheka.

Kesho yake mchana Fundi alijikaza, akafungua kizimba na kumwinua chatu kwa mikono miwili. Tumbo lilibanduka kwenye jiwe kwa mlio mdogo, kama gundi. Magamba ya chini yalikuwa ya kahawia, na mengine yalibaki juu ya jiwe.

Alimtia kwenye kikapu, akampitia mumewe saluni, wakaenda kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpindua Mkanda juu ya meza, akapapasa magamba yaliyoungua.

"Hili jiwe nani aliwashauri?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. "Nilidhani likimuunguza ataondoka."

"Haondoki. Nyoka amezoea jua, na jua huja kwa juu. Moto wa chini ya tumbo hautambui vizuri. Hewa ikiwa baridi mgongoni, ndiyo kwanza anazidi kuling'ang'ania. Ungemwacha hapo angeiva, na wewe ungeona ametulia."

Fundi alikuwa ameshika mpini wa kikapu. Mpini ukamtoka mkononi.

"Mama," alisema.

"Mama kafanya nini?" mumewe aliuliza, lakini Fundi alikuwa amekwishatoka nje.

Alikimbia na kandambili zikamvuka, hakuzirudia. Alipofika nyumbani wifi yake alikuwa uani anaanika mashuka.

"Chupa umeifunika?"

"Chupa gani?"

"Ya Mama! Umeizungushia kitambaa?"

"Kitambaa kimelowa, nimekifua. Lakini mwenyewe kaniambia yuko vizuri, wifi, mbona..."

Bibi alikuwa ameegemea mito, uso umenawiri. "Leo mmenipa joto zuri," alisema. Fundi akafunua blanketi. Chupa ilikuwa imeulalia mguu wa kushoto, na mguu ulikuwa umevimba malengelenge makubwa, mengine yamepasuka, shuka limelowa. Chini yake palikuwa na kidonda cha zamani kidogo, cheusi, cha siku ambazo hakuna aliyetazama.

Harufu ilikuwa ileile.

"Mbona unalia?" Bibi aliuliza. "Kuna nini huko chini?"

Hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Wifi alijipigapiga kifua, akisema mimi ndiye niliyemchoma mama yangu, na Fundi akamshika, kwa kuwa yeye Fundi ndiye aliyeinunua ile chupa na kumfundisha kuijaza. Kinyozi alinunua mkeka na kifaa chake bila kuulizwa, akaubandika nje ya kioo, na kila asubuhi aliweka kiganja chake pale kabla ya kumgusa nyoka. Mkanda alipona polepole. Kwa binadamu haikuwa hivyo. Ngozi ya mguu ilikataa kufunga, weusi ukapanda, na madaktari wakasema vidole viondoke kabla ugonjwa haujapanda zaidi.

Siku ya upasuaji Fundi aliruhusiwa kukaa upande wa kichwani, pazia limewekwa kifuani kwa Bibi. Walizungumza habari za gauni la mjukuu, kama liwe na mikono mirefu au mifupi. Bibi alitaka mirefu. Halafu akamgeukia muuguzi.

"Mwanangu, mtaanza saa ngapi? Nimechoka kungoja."

Muuguzi alikuwa ametokea upande wa miguu, ameshika trei iliyofunikwa kwa kitambaa chenye damu. Alimtazama Fundi, akatoka nayo taratibu.