Picha Mbili za Mgongo wa Zephaniah

Picha ya kwanza ilikuwa nzuri kiasi kwamba Tryphena aliipeleka kanisani. Aliiinua mbele ya waumini, mgongo wa mumewe mweupe pe ndani ya weusi, kila pingili mahali pake, akatoa ushuhuda na mbuzi wa shukrani. Ile kansa ya tezi dume aliyokutwa nayo Zephaniah mwanzoni mwa mwaka huo wa themanini na sita haikuwa imefika mifupani. Eksirei ya Voi ilikuwa imesema. Watu wakaimba. Zephaniah naye aliimba, ingawa mgongo ulimuuma vilevile.

Sasa, wiki tatu baadaye, picha ya pili ilikuwa juu ya meza ya Daktari Nzomo. Hii ilitoka Nairobi, walikomdunga dawa mshipani, wakamngojesha saa tatu nzima, kisha wakamlaza chini ya mashine. Mifupa yake yote ilichorwa kwa vitone vidogo vidogo, na chini ya mgongo palikuwa na madoa mawili meusi kama masizi.

"Lakini ile nyingine ni safi, daktari," Tryphena alisema. "Labda mashine ya Nairobi ndiyo iliyokosea."

Mfa maji haachi kutapatapa, na mama wa watu alikuwa akitapatapa tangu walipotoka nyumbani.

"Zote zimesema kweli, mama. Eksirei huona mfupa ukishaliwa sana. Hii ya Nairobi huona mapema, pale mfupa unapohangaika kujijenga. Shida yake, hata jeraha la zamani hutoa doa." Akamgeukia mgonjwa. "Mzee, umewahi kuumia mgongo? Kama ndiyo, tutangoja miezi sita tupige tena. Kama hapana, wiki ijayo tutakupasua."

Zephaniah alijua kupasuliwa huko. Wangemwondolea korodani ili kansa ikose inachokula. Aliogopa, tena aliogopa sana, na juu ya hofu kulikuwa na haya.

"Aliumia," Tryphena akadakia. "Mwaka wa sabini na moja, kazini stesheni. Behewa lilimpiga. Si ndivyo, Baba Susan?"

Behewa lilimpiga kweli. Lilimpiga bega. Tryphena ndiye aliyelikanda bega hilo kwa maji ya chumvi majuma mawili, kwa hiyo hakuwa amesahau. Zephaniah alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu.

Neno moja tu, "ndiyo," na angerudi nyumbani mwanamume kamili, kwa miezi sita. Neno lilikuja likakaa ulimini. Nani angemlaumu?

Lakini kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupita kando ya kila treni iliyosimama Voi, akigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima huitika. Lenye ufa hujibu kama chungu kilichopasuka, hata kama kwa macho linang'aa. Siku moja alilikataa behewa la abiria wa Mombasa, stesheni masta akimfokea, abiria wakimtukania mama yake mzazi, na ufa wenyewe hakuna aliyeuona. Hakumbembeleza mtu. Alitia alama ya chaki, akaketi kivulini akanywa chai yake. Ajabu ya binadamu: kwa mifupa ya watu wengine alikuwa jasiri hivyo.

"Lilikuwa bega," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akarudia. "Bega la kulia, daktari. Mgongo haujawahi kuguswa na kitu."

Daktari alichukua kalamu, akaandika tarehe. Nje, mgonjwa mmoja aliitwa jina mara mbili kabla ya kuitika.

Tryphena alikuwa akilia bila sauti. Zephaniah alidhani amekasirika, na huenda kweli alikuwa amekasirika. Kisha akausikia mkono wa mkewe ukipenya chini ya koti lake, ukipapasa uti wa mgongo polepole, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Shuka kidogo."