Mama Mkwe Agoma Kuvua

Muuguzi mkuu wa dharura walimwita Mama Vua, wala si kwa ubaya. Miaka minne alikuwa akiwaimbia wenzake wimbo mmoja: mgonjwa wa sumu ya neva haguswi kwa mikono mitupu wala haingizwi wodini, awe nani, mpaka avuliwe nguo na kuoshwa mlangoni. Sumu hiyo huvuruga neva. Mate na machozi humwagika, mboni za macho husinyaa, misuli hucheza yenyewe, mwisho pumzi hukatika. Tena hubaki kwenye nguo ikifuka taratibu. Ukimkumbatia mgonjwa kwa huruma, mnalala wote wawili.

Tatizo lilikuwa mkurugenzi. Alikimezea mate chumba cha kuoshea apate pa kurundika vitanda vibovu. Wakakubaliana lifanyike zoezi mbele ya mkaguzi. Wagonjwa wa kuigiza wangepakwa unga usioonekana ila kwa taa ya zambarau. Ukikutwa kwa muuguzi hata mmoja, chumba kimekwenda. Mama Vua alikipenda chumba kile kama mwanawe.

Mgonjwa wa mwisho akateremshwa kwenye ambulensi. Lo! Mama mkwe wa Mama Vua mwenyewe! Bibi alikuwa amejitolea kimyakimya, kavaa gauni lake bora, anatoa mate na kurusha miguu mpaka dereva akaingiwa na hofu. Mkurugenzi, mtu wa adabu zake, akamkimbilia.

"Shikamoo, mama! Pole sana!" Akampa mikono yote miwili, kisha akajifuta jasho puani.

Mama Vua, ndani ya barakoa na glavu nene, hakuwa na nafasi ya salamu. "Mama, tuvue nguo."

Miguu ya bibi ikatulia hapo hapo. "Nivue mbele ya mkwe wangu? Una wazimu?"

"Una sumu mwilini, mama."

"Basi niache nife na heshima yangu."

Wauguzi wakajiuma midomo wasicheke. Mkaguzi akatazama saa. Mama Vua aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwa kitambo akafikiri ampitishe tu, mara hii moja. Nani angemlaumu? Kisha akaagiza shuka liinuliwe kuwakinga, akainama.

"Mama, hapa sina mkwe. Nina mtu anayekata pumzi. Nikikuonea haya, nitakuzika."

Bibi akajilaza sawasawa. "Ungeanza na hayo," akasema. "Kata. Ila gauni utanilipa."

Mkasi ukapita toka shingoni hadi kwenye pindo. Nguo zikaingia mfukoni, mfuko ukafungwa, maji na sabuni vikafanya kazi yake huku bibi akilalamika kwamba anasuguliwa kama sufuria.

Taa ikawashwa. Bibi safi. Wauguzi safi, mmoja baada ya mwingine. Mama Vua akashusha pumzi ndefu. Mkaguzi alipogeuka, mwanga ukampitia mkurugenzi: viganja vinang'aa, tai inang'aa, na pua ndiyo usiseme.

"Amekufa mmoja," mkaguzi akaandika. "Utawala."

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa bibi. Mkurugenzi akavitazama viganja vyake mbele na nyuma, akalegeza tai, akaanza kuvua viatu.

"Humo ndani," akauliza kwa sauti ndogo, "maji ya moto yapo?"

"Yapo, mkurugenzi," alisema Mama Vua, akamfungulia mlango. "Sabuni iko kulia."