Kikohozi Mwisho wa Wimbo

Mwalimu wa muziki alikaa ukingoni mwa kochi letu, gita mapajani, akampa mama simu. Kila Jumamosi anaingia gerezani kufundisha wafungwa kuimba, na wakubwa wa huko wamemruhusu awarekodi, familia zisikie. Sharti moja tu: asitoe habari za ndani. Akitoa, haingii tena.

Mama akaweka simu sikioni. Kaka yangu aliyefungwa huko tunamwita Filimbi, kwa ile sauti yake ya kuimba. Wimbo ukaanza, akaimba mtu mwingine.

"Mbona si yeye?"

"Siku hizi anapiga ndoo, mama. Ndiyo ngoma yetu."

"Filimbi apige ndoo? Kawakosea nini tena huko?"

Mwishoni mwa wimbo, sauti zimeshatulia, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, halafu kirefu, kama mtu anaburuta kiti. Mama akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Baba alikohoa hivyo hivyo mpaka tukamzika.

"Kelele kama hizi si huwa mnazikata?"

"Huwa nakata," mwalimu akasema, macho kwenye zulia. "Hii nimeiacha."

Alimtumia mama ule wimbo, akaaga.

Asubuhi tulikuwa getini. Afisa wa zamu akasema Filimbi ni mzima kabisa, tena anakula kutushinda sisi.

"Ukimwona utamwonea wivu, mama."

Mama akamwekea wimbo. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, kicheko kikamwishia mdomoni. Akaahidi daktari atamwona leo leo. Mama kwa furaha mdomo ukamponyoka:

"Mungu ambariki mwalimu! Asingekiacha kile kikohozi makusudi tungejuaje?"

Nilimkanyaga mguu. Nilichelewa.

"Makusudi, eh?" afisa akasema.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alirudishwa getini na gita lake. Ndoo zikarudi kudekia vyoo.

Kaka tulimkuta wodini, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda, amebaki macho na masikio. Kifua kikuu, na daktari alisema tumechelewa kumleta. Tumechelewa, sisi. Mama alikuwa anamnywesha maji kwa kijiko.

"Askari kaniletea salamu za wenzangu," kaka akasema, sauti imekwaruza kama si yake. "Wanauliza, Filimbi, hukuweza kukohoa kimya kimya?"

Akacheka peke yake, mpaka kicheko kikageuka kikohozi kile kile cha kwenye simu.