Uzito wa Wazee wa Ogden

Jumatatu asubuhi Lavinia Tunnicliffe alikuwa jikoni kwa Bibi Keziah Ogden, anakula samaki wa moshi. Keziah na mumewe, Enoch, ndio waliowapangisha vyumba wasanii wa jukwaani mjini Harrowclough, Lancashire. Ukumbini Lavinia aliitwa Binti Sumaku: mabwana wanne wa mji hupanda, hutema mate viganjani, hushindwa kumnyanyua. Ilikuwa hila tu ya viwiko na namna ya kusimama. Keziah aliijua, maana ndiye aliyemkanda viwiko hivyo kwa mafuta ya bata.

Mlango ukagongwa. Watu wa nyumba ya maskini, wanakopelekwa wazee wasiojiweza, walikuwa wamekuja kuwachukua Keziah na Enoch. Huko mwanamume hulala upande wake na mwanamke upande wake, hata kama mmeoana tangu ujana.

"Uji wao sina neno nao," Keziah alisema. "Ila huyu mzee wangu nisimwone tena?"

"Kaeni hapo benchini, mama. Shikaneni mikono," Lavinia alisema. Akawagusa mabega, na safari hii bila hila yoyote uzito ukawaingia.

Wanaume wanne waliotumwa kuwachukua wakavua kofia, wakatema mate viganjani. Keziah hakuinuka. Enoch, mwembamba kama mpini wa ufagio, naye hakuinuka. Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni na vikombe vya chai.

"Kunja magoti, Seth! Kwani mkeo hakulishi?" jirani mmoja alimpigia kelele mmoja wa wale wanne.

"Njoo wewe basi, shangazi!"

"Mimi nambeba mume wangu kutoka kilabuni kila Jumamosi. Inanitosha!"

Mkuu wa nyumba ya maskini akaja, akalisukuma benchi kwa kiatu, akatikisa kichwa. Alisema kama wazee hawaendi kwenye nyumba ya maskini, basi nyumba ya maskini itawajia. Sheria ni sheria. Kufika jioni ukuta wa matofali ulikuwa umelikata jiko katikati: huku wanaume, kule wanawake. Mikono iliyoshikana haikubanduka, ikabidi fundi ajenge kwa kuizunguka.

"Nisamehe, babu," fundi alisema.

"Asante, mwanangu," Enoch alisema. "Umelilainisha tundu la mikono vizuri, halichubui."

Jumapili, siku ya wasanii kuhama, Lavinia aliinama upande wa wanawake kuaga, macho chini.

"Usinune, binti," Keziah alimwambia. "Mungu akubariki. Wenzetu kule nyumba ya maskini wana ukuta mtupu, bila tundu."