Kisanduku cha Ndiyo

Kwa miaka minne Mwalimu aliijaza ile fomu huku akipiga miayo. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya kampuni. Sheria ilimtaka athibitishe humo kila mwaka kwamba mkaguzi wa nje hana mtu wa kumwonea haya pale ndani. Mwaka huu kalamu iligoma kwenye swali la saba: je, kuna mjumbe wa kamati mwenye urafiki wa karibu na mkaguzi?

Tangu mkewe afariki, ni mtu mmoja tu aliyempigia hodi. Kila Jumamosi saa tisa mkaguzi huyo alifika na ubao wa drafti kwapani.

"Kaka, leo nakufunga mchana kweupe," husema akipanga kete.

"Domo hilo. Cheza."

Mambo ya kampuni hawakuyagusa hata siku moja. Lakini swali halikuuliza hayo.

"Mwalimu, wino umekauka?" katibu wa kampuni akamtania pale kikaoni. "Tia Hapana tukale. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mtu wa kusema. Twende."

Haki haina mjomba wala shangazi. Mwalimu akatia alama kwenye Ndiyo. Wajumbe wakatazamana, na kabla wiki haijaisha kazi akapewa mkaguzi mwingine.

Jioni ileile ya kikao Mwalimu mwenyewe alimpigia rafiki yake simu, asije akasikia kwa watu.

"Nimekutaja."

"Ungeniambia kwanza, mwenyekiti."

"Ungenibembeleza, nami ningekubali."

"Haya." Simu ikakatwa.

Jumamosi ikafika. Sheria haikuwa na neno nao tena. Aliyetaka kuja angekuja kwa mapenzi yake tu. Ubao ulikuwa kwa mwenzake, basi Mwalimu akachukua rula, akachora miraba kwenye kipande cha boksi. Akapanga vizibo vya soda, kumi na viwili huku, kumi na viwili kule. Akamimina chai vikombe viwili.

Saa tisa ikapita. Saa kumi nayo. Chai ikaota utando.

Mwalimu akasogeza kizibo kimoja. Kisha akainuka, akazunguka meza, akakaa upande wa mgeni ili ajibu. Kutoka pale, kwa mara ya kwanza, alikiona kiti chake mwenyewe kilivyo kitupu.