Sifuri Haigombezwi

...na sasa Bwana Isabirye, mkuu wetu wa kanda, ameifikia ile slaidi ya rangi, ee Mungu wangu, kijani kwa waliowahisha ripoti, nyekundu kwa waliochelewa, "Ndugu zangu, huu ndio mrejesho," anasema, naye Nakisige, afisa wa kufuatilia magonjwa kutoka Mbale, yuko kiti cha nyuma katika ukumbi huu wa Nalufenya, simu mapajani, anausoma tena ujumbe wa nesi wake Phanice kama mtu anayeligusagusa kwa ulimi jino linalouma, Afande, mimi kuanzia leo kwenye ripoti naandika wagonjwa sifuri tu, sifuri haigombezwi... na ni kweli, nani amewahi kuigombeza sifuri, sifuri haichelewi, haiombi gari wala mafuta, kituo anachokisimamia Wamboga hakijaona hata mafua tangu mvua za mwaka juzi, wagonjwa wake wote ni wazima, na ndicho cha kwanza kwa kijani, Wamboga kapewa zawadi ya chupa ya chai akapigwa picha nayo... "Wengine mnatuangusha, hasa upande wa Mbale," vichwa vinageuka, Nakisige anatabasamu kama bi harusi, lakini Phanice akiacha kuandika, kule Namakwekwe na vyumba vyake vya kupanga vilivyobanana, kipindupindu kitajitangaza chenyewe, kwa jeneza... na kwani Phanice alichelewa kwa nini? watoto wa ploti moja walikuwa wanaharisha, akaenda mwenyewe kuona wanakunywa nini, akampigia Nakisige simu, "Madamu, hiki kisima sikipendi, kinanuka choo," maji yakapelekwa maabara, kisima kikafungwa, wakubwa wa Kampala wakamshukuru Isabirye, Isabirye akatushukuru sisi kwa soda, shukrani zikapanda ngazi, zikapanda, hakuna aliyekumbuka kuzishusha, na Phanice aliye chini kabisa akapata nini, akapata nyekundu... ngoja, anajua hata maabara ilisema nini? hajui! anadhani kelele zake zilitumbukia humo humo kisimani... "Mrejesho lazima uwe wa haraka," anasema Isabirye, na kwa mara ya kwanza leo Nakisige anakubaliana naye, kidole kinakimbia chini ya meza, Dada Phanice, yale maji yalikuwa na vijidudu, ni wewe uliyetuonyesha, tangu tufunge kisima hakuna mtoto mwingine wa ploti ile aliyelazwa, habari ya kuchelewa niachie mimi, wewe andika unachokiona... anatuma, anangoja, chai bado, slaidi ni ile ile, simu inatetemeka, Kumbe!! mimi nilidhani yale maji mliyamwaga tu, haya basi Afande, kuna mzee ameingia sasa hivi kutoka kule Industrial, mtaa wa viwanda, anatapika maji matupu, naye nimwandike? na Nakisige anajikuta ameinuka nusu, anacheka peke yake, matapishi ya mtu yamemfurahisha kama posa, "Ndiyo, Mbale, mna swali?" hapana, bwana, swali hatuna, anaketi, Mwandike, dada, mtenge, mpe maji ya chumvi na sukari, chukua sampuli, na majibu yakitoka utayasikia wewe kwanza, Kampala watangoja...